DAMU HAINGOJI GARI

Ndugu msomaji, chukua chupa ya lita moja na nusu. Ijaze maji. Ishike mkononi uone uzito wake. Mtoto wa shule mwenye kilo 20 ana damu kiasi hicho mwilini mwake, wala haizidi sana.

Sasa mwaga chini theluthi moja ya maji hayo. Imekwisha nusu lita. Mtoto aliyepoteza damu kiasi hicho kwa muda mfupi yuko katika hatari ya kufa.

Mtu mzima ana damu nyingi zaidi, lita tano hivi. Lakini mshipa mkubwa wa paja ukikatika, hata yeye anaweza kufa kwa dakika tano au chini ya hapo.

HESABU YA DAKIKA TANO

Tuangalie Vigwaza. Kata hii iko katika Halmashauri ya Wilaya ya Chalinze, Mkoa wa Pwani. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Morogoro inapita hapo. Malori hupita usiku na mchana, na hupimwa uzito katika mizani ya Vigwaza. Bodaboda nazo hupita katikati ya malori hayo. Katika bonde la Mto Ruvu wananchi wanalima mpunga, wakiwamo wanachama wa ushirika wa CHAURU. Mkulima anashika mundu, jembe na panga. Shuleni watoto wanashika fyekeo.

Vyombo hivi vyote ni vya kazi, na vyote vinaweza kukata mtu.

Hospitali zipo. Kibaha kuna Hospitali ya Tumbi, ambayo ni hospitali ya rufaa ya mkoa. Upande wa Chalinze kuna Hospitali ya Msoga. Lakini tufanye hesabu. Gari linalokwenda kilomita 60 kwa saa hukata kilomita moja kwa dakika moja. Kwa dakika tano litakuwa limekwenda kilomita tano. Ukitoka Vigwaza kuelekea Tumbi, kwa kilomita tano hujafika hata Mlandizi. Tena hapo hatujahesabu muda wa kulitafuta gari lenyewe.

Kwa hiyo mtu anayevuja damu nyingi huokolewa kwanza na yule aliye karibu naye: mwalimu, mwanafunzi mwenzake, jirani au dereva wa bodaboda. Daktari atamalizia kazi, lakini lazima apelekewe mtu aliye hai.

MFANO WA SHULE MBILI

Tuchukue mfano. Ni saa nne asubuhi. Watoto wanafyeka nyasi uwanjani. Fyekeo linamponyoka mmoja, linampata mwenzake chini ya goti. Damu inaruka.

Katika shule ya kwanza watu hawajajifunza. Watoto wanakimbia huku na huku. Mmoja anamwaga mchanga kwenye kidonda. Mwingine anafunga kamba nyembamba. Mtu anafungua kitambaa kila mara aone kama damu imekatika. Wengine wanapiga picha kwa simu. Gari linapofika, mtoto ni baridi na hasemi.

Katika shule ya pili watu wamejifunza. Mwalimu anafika mbio.

"Lala chini, mwanangu. Nitakandamiza kwa nguvu. Utaumia kidogo, lakini utapona."

Anachukua kitambaa safi, anakiweka juu ya kidonda, anakandamiza kwa mikono miwili. Mwalimu wa pili anapiga simu zahanati na kutafuta gari. Mzee mmoja jirani anakuja na majani mkononi.

"Mwalimu, tumpake haya. Hukata damu."

"Shikamoo, mzee wangu. Majani tuyaache, yataingiza uchafu. Nisaidie kumfunika kanga, asipate baridi."

Mzee anamfunika. Mwalimu hainui mikono. Gari linapofika damu imekatika, na mtoto anaulizia viatu vyake.

Shule zote mbili zina watu wenye huruma. Ya pili ilikuwa imejifunza kabla ya ajali.

MAMBO YA KUFANYA

Kwanza, tazama usalama wako. Kama ni barabarani, hakikisha magari yamesimamishwa. Kama lori la mafuta limeanguka, waondoe watu mbali. Tusisahau msiba wa Morogoro wa tarehe 10 Agosti 2019. Lori la mafuta lilianguka, watu wakasogea, moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa.

Pili, kinga mikono yako. Vaa glovu. Kama hazipo, ingiza mikono katika mfuko safi wa plastiki usiotoboka. Ukimaliza, nawa kwa sabuni na maji mengi. Damu ikikuingia machoni au kwenye kidonda chako, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ipo dawa ya kukinga virusi vya UKIMWI, na hufaa ikianza mapema, kabla ya saa 72 kupita.

Tatu, tafuta damu inatoka wapi. Pasua au kata nguo ili uone kidonda. Tazama na upande wa pili wa mwili. Damu inayoruka, damu inayotiririka bila kusimama na damu inayofanya dimbwi chini ni damu ya hatari.

Nne, kandamiza. Weka kitambaa safi juu ya kidonda. Nyoosha mikono yako, ukandamize kwa uzito wa mwili wako. Usichungulie. Endelea kwa dakika kumi bila kuachia. Kama gari limefika, endelea kukandamiza ndani ya gari. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake, na hakikisha unakandamiza mahali hasa damu inapotoka.

Kama kidonda ni kirefu kwenda ndani, hasa kwenye kinena, kwapa au bega, ingiza kitambaa ndani ya kidonda mpaka kijae. Kisha kandamiza juu yake. Usifanye hivyo kwenye kidonda cha kifua wala cha tumbo.

Kama kisu, mti au chuma kimebaki ndani ya mwili, usikichomoe. Kinaweza kuwa ndicho kinachoziba mshipa. Kandamiza pembeni yake, ukizungushie vitambaa kisitikisike.

MKANDA WA KUKAZA

Mara nyingine mkono au mguu umekatika vibaya. Unakandamiza, damu bado inatoka. Hapo tumia mkanda wa kukaza. Huu ni wa mkono na mguu tu. Usiufunge kamwe shingoni.

Madaktari wana mikanda iliyotengenezwa tayari. Kama haupo, chana kanga upate kipande chenye upana wa vidole vitatu. Usitumie waya wala kamba ya katani. Vitu vyembamba hukata nyama na haviukazi mshipa vizuri.

Pima vidole vinne kutoka kwenye kidonda kuelekea kiwiliwili. Funga hapo. Usifunge juu ya goti wala kiwiko. Piga fundo moja. Weka kijiti kigumu juu ya fundo, kisha piga fundo la pili juu ya kijiti. Zungusha kijiti mpaka damu ikatike. Kifunge kijiti kisirudi nyuma.

Mjeruhi atalalamika kwa maumivu. Mpe moyo, lakini usilegeze. Watu wengi hudhani ni vizuri kulegeza kidogo kidogo ili mguu upate damu. Kila ukilegeza, damu nyingine inamwagika. Andika saa uliyofunga kwenye paji la uso wake au kwenye karatasi iliyobandikwa kifuani. Mpeleke hospitali upesi, kabla saa mbili hazijapita ikiwezekana. Daktari ndiye atakayefungua.

Ndugu msomaji, mkanda huu si dawa ya kuumwa na nyoka. Aliyeumwa na nyoka asifungwe hivyo. Alazwe atulie, kisha apelekwe hospitali.

BAADA YA DAMU KUKATIKA

Mlaze mjeruhi chini. Mfunike apate joto. Usimpe chakula wala kinywaji, maana anaweza kuhitaji kupasuliwa. Akiwa baridi, akitoka jasho, akihema haraka au akianza kuropoka, amepoteza damu nyingi. Damu inaweza kuwa inavuja ndani ya tumbo au kifua bila kuonekana. Hiyo huwezi kuizuia kwa mikono. Akimbizwe hospitali.

Kama ni ajali au shambulio, fomu ya polisi iitwayo PF3 ina kazi yake. Basi gawaneni. Mtu mmoja aende kituo cha polisi kutoa taarifa. Wengine wampeleke mjeruhi hospitali moja kwa moja.

Na damu ya puani, ambayo walimu huiona mara kwa mara? Usimwinamishe mtoto kichwa nyuma, atameza damu. Aketi, ainame mbele kidogo, abane sehemu laini ya pua kwa dakika kumi bila kuachia.

WENGINE WALIJIFUNZAJE?

Kukaza mshipa ili kuzuia damu si jambo geni. Mwaka 1718 daktari Mfaransa, Jean-Louis Petit, alitengeneza mkanda wa kukazwa kwa skrubu. Lakini kwa miaka mingi elimu hiyo ilibaki kwa madaktari na askari.

Mwaka 2012, nchini Marekani, mtu mwenye bunduki aliua watoto 20 na watu wazima 6 katika shule ya Sandy Hook. Mwaka uliofuata madaktari wa upasuaji walikutana na wakuu wa huduma za dharura. Waliona kuwa raia aliye karibu lazima ajue kuzuia damu. Mwaka 2015 kampeni ya kuwafundisha watu wa kawaida ikaanza, na walimu ni miongoni mwa waliofundishwa.

Sisi Tanzania tunajua kampeni ni nini. Mwaka 1973 tulikuwa na kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma vitabu vyao, wakajadiliana. Kisha waliinuka wakachimba vyoo. Walijifunza na kutenda. Kuzuia damu nako kunafundishika hivyo hivyo.

SHULE NA KIJIJI VIANZE VIPI?

Mwalimu mkuu na serikali ya kijiji wamwombe muuguzi wa zahanati aje kufundisha. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania nacho hufundisha huduma ya kwanza. Waalikwe walimu, mlinzi, wapishi, kamati ya shule, madereva wa bodaboda na wakulima wa bondeni. Mchana mmoja unatosha kuanzia.

Mazoezi hayahitaji fedha nyingi. Toboa tundu dogo kwenye chupa ya plastiki. Ijaze maji ya choya yaliyo mekundu. Mmoja aminye chupa, mwingine azuie kwa kitambaa. Kata mfereji katika kipande cha godoro bovu, mjifunze kujaza kidonda. Funganeni mkanda mkononi mpaka mapigo ya kiganjani yasisikike, kisha fungueni mara moja. Rudieni kila muhula, maana mikono husahau.

Shule iwe na sanduku lenye glovu, vitambaa safi, bendeji, mkasi, mkanda wa kukaza na kalamu. Ukutani ziandikwe namba za simu za zahanati na za wenye magari. Sanduku lisifungwe kwa kufuli. Ufunguo ukiwa kwa mtu aliyesafiri, sanduku hilo halina faida.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa damu huzibwa kwa mikono, na mikono kila mmoja wetu anayo. Tuifundishe kazi hiyo leo, kabla fyekeo halijateleza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Mtu akikatwa na panga shambani kwenu leo, nani yuko karibu, na anajua kufanya nini?

2. Kwa nini si vizuri kulegeza mkanda wa kukaza kabla ya kufika hospitali?

3. Katika kijiji chenu watu huweka nini kwenye kidonda kinachovuja damu? Mtawaelezaje waache?