Anaua joka, mifupa yamshinda!

Haya mshikaji, tuseme uko ndani ya Skyrim, lile gemu la mwaka 2011 ambalo watu mpaka leo hawajaliacha. Umepigana na joka weee, mwishowe umelilaza. Unalipekua: mifupa mitatu, magamba matatu. Mfupa mmoja una uzito wa 15, gamba 10. Jumla 75! Na wewe shujaa mzima umeanza gemu ukiwa na uwezo wa kubeba 300 tu, ndani yake imo deraya uliyovaa, upanga, upinde na yale makabichi uliyookota sijui ya nini.

Ukizidisha kidogo tu, kasheshe. Hukimbii tena, unajikokota. Hata ule usafiri wa kufumba na kufumbua kwenye ramani unafungwa.

Vijana wengi wanalaani kikomo chenyewe, eti kiondolewe kabisa. Mimi sikubaliani nao, ila na Skyrim pia nina ugomvi.

Mwaka 1974 lilipotoka Dungeons & Dragons, lile la kuchezwa mezani kwa karatasi na dadu, uzito ulipimwa kwa sarafu za dhahabu. Upanga ulihesabiwa sarafu 50, deraya ya mabamba 750. Na dhahabu ndiyo iliyowapeleka watu pangoni, ndiyo iliyowapandisha ngazi! Kwa hiyo ukivaa chuma mwili mzima uko salama, lakini unarudi na dhahabu kiduchu. Ukienda mwepesi unabeba nyingi, kama utapona. Mtu alikuna kichwa kabla hajatoka nyumbani. Diablo ya 1996 nayo ilikuwa na roho hiyohiyo: mkoba wa vyumba 40, na dhahabu inajibana humohumo, 5,000 kwa chumba.

Sasa Skyrim? Dhahabu haina uzito hata chembe. Kinachokulemea ni makorokoro ya kuuza. Unadondosha nusu, unakwenda mjini, unauza mpaka mwenye duka anaishiwa fedha, unarudi kufuata nusu ya pili. Adui ulishawamaliza, kilichobaki ni kutembea tu. Mimi nacheza usiku kwa luku ya kununua mwenyewe, uniti zinakatika huku nahamisha masufuria! Jamaa yangu mmoja (jina nalihifadhi, ana mchumba) humpakia kila kitu Lydia, yule mlinzi unayepewa Whiterun. Dada wa watu anapokea kwa sauti ya mtu aliyechoka kutumwa. Na yeye ana kikomo chake, usidhani.

Waliopatia, kwa maoni yangu, ni Dark Souls, nalo la 2011. Mkobani jaza utakavyo, hakuna anayekuuliza. Kinachopimwa ni ulichovaa na ulichoshika. Chini ya robo ya uwezo wako unabiringika kama paka. Kati ya robo na nusu, si haba. Ukipita nusu unaanguka puu kama gunia la mkaa, na rungu la adui linakukuta bado uko chini. Kila bamba la chuma unalilipia palepale vitani.

Mdogo wangu alikwama wiki nzima kwa wale mabwana wawili wa Anor Londo, Ornstein na Smough. Alikuwa kavaa chuma mpaka kisogoni. Juzi kavua vyote, kabaki na ngao na suruali. Kawapiga wote wawili, na sasa hataki hata kuiona ile deraya.