Desturi Isivishwe Kanzu ya Dini

Kila likizo ya Desemba ikikaribia, hapa Ngara na mitaa jirani ya Pangani na Eastleigh, hutujia akina mama na swali lile lile. Wa mwisho alikuwa na binti wa miaka minane. Mama mkwe alikuwa amempigia simu kutoka Garissa: mtoto apelekwe nyumbani, "asafishwe". Akatuuliza, "Sheikh, wanasema si ile ya Kifirauni, ni ya sunna tu. Nikikataa, nitakuwa nimeiasi dini?"

Swali hilo lastahili jibu la wazi, wala hatutaficha yaliyomo vitabuni. Katika madhehebu yetu ya Shafi, Imamu Nawawi ameandika kuwa khitani ni wajibu kwa wanaume na wanawake. Mahanafi hawakufika huko. Lakini hadithi ya Umm Atiyya, inayotegemewa mno katika jambo hili, Imamu Abu Daud aliyeipokea amesema mwenyewe kuwa ni dhaifu. Na mwezi wa Novemba 2006, wanazuoni waliokutana Al-Azhar, Cairo, akiwemo Mufti wa Misri, Sheikh Ali Gomaa, walitamka kuwa ukeketaji ni desturi iliyorithiwa, isiyo na msingi katika Qur'ani wala katika hadithi sahihi.

Tuitazame na nchi yetu. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2014 ulionesha kuwa asilimia 94 ya wanawake wa Kisomali walikuwa wamekeketwa, na asilimia 84 ya Wakisii, ambao wengi wao ni Wakristo. Waswahili wa Lamu na Mombasa, Waislamu kwa karne nyingi, desturi hii ni nadra kwao. Lau ingekuwa nguzo ya dini, ingekuwaje imkose Mswahili na impate Mkisii?

Madhara yake yanajulikana: kutokwa na damu, maambukizo, maumivu ya ndoa, taabu ya uzazi. Fiqhi yetu imesimama juu ya kuondoa madhara. Jina la "sunna" haliukingi mwili wa mtoto na wembe, wala kumwita daktari hakuibadilishi hukumu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inamwadhibu mkeketaji, akiwemo daktari, kwa kifungo kisichopungua miaka mitatu, au faini isiyopungua shilingi 200,000, au yote mawili. Yamgusa pia anayempeleka binti nje ya nchi kwa ajili hiyo, na hata anayemtukana mwanamke kwa kuwa hakukeketwa.

Hata hivyo, tusimfanye bibi kuwa adui. Yeye anachelea mjukuu asije akakosa mume na heshima. Hofu hiyo hujibiwa kwa upole, na wa kuijibu kwanza ni baba. Wanaume wengi husema, "Hayo ni mambo ya wanawake," wakamwachia mke peke yake kumkabili mama mkwe.

Tulimwambia mama yule: hukuiasi dini, mwite mumeo. Alikuja, akasikiliza, kisha akampigia mamake simu yeye mwenyewe. Bibi alinuna hadi Ramadhani. Siku ya Idi alifika Ngara na nguo mpya ya mjukuu, na neno la kusafishwa hakulitaja tena.