Vyuo vya jamii katika Marekani: mafundisho ya kazi kwa vijana

Mara nyingi kijana aliyemaliza masomo ya sekondari huja kwetu na kuuliza: « Sasa nifanye nini? » Feza ya universite hana, na ufundi hajui bado. Wamarekani nao wamekutana na shida hiyo. Jibu lao moja ni vyuo vya jamii. Yafaa tuyajue mambo ya vyuo hivi, yaliyo mema na yaliyo na kasoro, kwani swali la kijana yule latuhusu sisi pia.

1. Asili yake

Chuo cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901 na wanafunzi 6 tu. Shabaha ya kwanza ilikuwa kuwapa vijana miaka miwili ya kwanza ya universite karibu na nyumba zao. Mafundisho ya kazi yaliongezwa kidogo kidogo. Mwaka 1947, tume iliyowekwa na Rais Truman ilishauri vyuo vya namna hii viongezwe sana, tena visidai feza kwa wanafunzi. Tangu hapo jina la « chuo cha jamii » likaenea. Leo vyuo hivi ni karibu elfu moja.

2. Namna ya kufundisha

Mlango ni wazi: mwenye diploma ya sekondari hupokelewa bila kushindana na wengine. Feza ya masomo huwa ndogo kuliko ya universite, kwa maana kodi za watu hubeba sehemu ya gharama. Wenye kazi ya mchana husoma jioni.

Kwa mafundisho ya kazi, chuo huita wakubwa wa viwanda, wa hospitali na wa karakana za mahali pale, kikawauliza: « Mnahitaji mafundi gani? Wajue nini? » Kisha hupanga masomo. Mwenye kujifunza kuchomelea vyuma aweza kupata cheti kwa muda usiofika mwaka. Masomo mengine, kama ya hesabu za biashara au ya kupiga picha za mionzi, hudumu miaka miwili. Mwanafunzi hushika chombo kwa mikono yake mwenyewe, wala hasikii maneno tu.

3. Mfano wa wauguzi

Zamani wauguzi wengi walifundishwa ndani ya hospitali kwa miaka mitatu, nao walitumikishwa sana kuliko kufundishwa. Mwaka 1951, Bibi Mildred Montag wa New York alitoa shauri kwamba miaka miwili katika chuo yatosha, kama mafundisho yatangulia utumishi. Mwaka 1952 shauri lake lilianza kujaribiwa, nalo likafaulu. Hata leo, aliyetoka chuo cha jamii na aliyetoka universite hufanya mtihani mmoja wa kupata ruhusa ya kuuguza.

4. Kasoro yake

Lakini tusisifu tu. Mwaka 1960 mwalimu Burton Clark, aliyechunguza chuo kimoja cha California, alionyesha jambo la kuhuzunisha. Vijana wengi waliingia wakitumaini kufika universite. Washauri wa chuo waliwageuza polepole kuelekea masomo ya kazi, hata wakadhani wamejichagulia wenyewe. Tena, mara nyingi universite haikubali kuhesabu masomo ya ufundi, na kijana akitaka kuendelea hulazimika kuanza upya. Na wengi huacha njiani, juu ya shida za nyumbani.

Basi, mlango wazi hautoshi. Yapasa njia ya mbele iwe wazi vilevile. Ndiyo sababu vyuo vingi vimeagana na universite juu ya masomo yatakayopokelewa.

5. Linalotupasa

Tusiseme kwamba ufundi ni fungu la wajinga. Fundi wa umeme asiyejua hesabu atachoma nyumba ya watu. Tena tusimwongoze kijana kwenye ufundi kwa sababu tu ni maskini. Kabla ya kumshauri, tumwulize anataka nini. Tumweleze kweli kila njia inafika wapi, inadai feza ngapi, na kama yaweza kumpeleka mbele zaidi. Kisha tumwache achague mwenyewe. Akichagua nyundo, iwe kwa kupenda. Akichagua kitabu, tusimzime moyo.