AISKRIMU YA KUKAANGA: MOTO NJE, BARIDI NDANI



Mji wetu wa Morogoro, mji kasoro bahari, ni mji wa joto. Kilele cha Bondwa tunakiona kule juu kimejifunika mawingu, lakini ingawa kina zaidi ya mita 2,000 hakipati theluji, na upepo wake ukifika huku mjini saa saba za mchana huwa umekwisha ubaridi. Ndiyo maana mwenye deli la aiskrimu hakosi wateja masomo yanapokwisha.

Katika toleo hili tumeona tueleze aina moja ya aiskrimu ambayo wengi wakiisikia hudhani ni mzaha: aiskrimu inayokaangwa ndani ya mafuta ya moto. Si mzaha. Inafanyika, tena inafanyika nyumbani, kwa vitu vinavyopatikana soko la Mawenzi au soko la Chifu Kingalu, na inafaa sana kwa wageni wa siku ya Idd. Lakini pishi hili linataka mambo mawili, subira na tahadhari. Ikikosekana subira, aiskrimu itayeyukia karaini. Ikikosekana tahadhari, mtu ataungua. Kwa hiyo tunaomba mwanafunzi asome makala haya pamoja na mzazi wake, na wayasome mpaka mwisho kabla jiko halijawashwa.

ASILI YAKE

Nani alianza kuikaanga aiskrimu? Maelezo ni mengi. Wapo wanaosema iliuzwa kwanza Marekani, kwenye maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893. Wengine wanaitaja Japani, ambako huchovywa katika rojo la unga kabla ya kukaangwa. Huko Indonesia watu huifunga ndani ya slesi za mkate. Njia hii ya mkate ndiyo tuliyoichagua, kwa sababu mbili. Kwanza, mkate ni rahisi kupatikana. Pili, mkate umekwisha kuiva. Njia nyingine hutumia mayai mabichi na unga mbichi, navyo haviwezi kuiva sawasawa kwa sekunde chache ambazo aiskrimu inakaa motoni.

KWA NINI HAIYEYUKI?

Hapa ndipo penye elimu yenyewe. Sababu ziko tatu, na zote zinafanya kazi kwa pamoja.

1. Aiskrimu inaingia karaini ikiwa na baridi kali. Friza nzuri hufikisha nyuzi 18 chini ya sifuri za Selsiasi. Kabla aiskrimu haijalainika, ni lazima kwanza joto liiondolee baridi hiyo.

2. Barafu ina deni kubwa la joto. Kuyeyusha gramu 1 ya barafu iliyoko nyuzi 0 kunahitaji jouli 334, wakati kuyapandisha maji ya gramu 1 kwa nyuzi 1 kunahitaji jouli 4.2 tu. Maana yake, joto linaloyeyusha barafu kidogo lingetosha kuyapasha maji ya uzito uleule kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Barafu haiyeyuki kwa haraka kama tunavyodhani.

3. Mkate umejaa vitundu vya hewa, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Wauza barafu walilijua hili zamani. Walifukia mapande ya barafu kwenye maranda ya mbao na kuyafunika gunia. Asiyejua angesema wanaipasha moto, kumbe gunia na maranda vilizuia joto la nje lisiingie. Mkate unafanya kazi ileile ya gunia.

Kwa ufupi, joto halivuki papo hapo, linahitaji muda. Mafuta yanaukausha mkate na kuugeuza rangi kwa sekunde 15 au 20, na katika muda huo joto halijawahi kufika katikati ya donge. Ukizidisha muda, linafika.

MWANAFUNZI ALIYEULIZA

Tukizungumzia aiskrimu na elimu, hatuwezi kumwacha Mtanzania Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, katika milima ya Usambara. Wanafunzi wa shule ile walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kwenye jokofu. Siku moja nafasi za jokofu zilikuwa zinakwisha. Mwenzake aliingiza maziwa yake bila kuyachemsha, na Mpemba akaingiza ya kwake yakiwa bado ya moto. Baadaye akakuta maziwa yake ya moto yameganda, na ya mwenzake bado.

Alimwuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akasikia kwamba hata wauza aiskrimu wa mjini Tanga hugandisha vitu vikiwa vya moto. Akaendelea kuuliza, na wenzake wakamcheka. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alifika mgeni kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Dk. Denis Osborne, mwalimu wa fizikia. Mpemba akamwuliza swali lilelile. Osborne hakumcheka, alikwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakaandika pamoja katika jarida la fizikia la Uingereza, na jambo lile likapewa jina la Mpemba duniani kote. Wanasayansi bado wanabishana, wengine wanasema halitokei kila mara, wengine wanatafuta sababu. Lakini mabishano hayo yote yalianzia kwenye aiskrimu ya mwanafunzi. Wahenga walisema kuuliza si ujinga.

MAHITAJI

Kwa madonge 8:

- Maziwa freshi lita 1
- Maziwa ya unga nusu kikombe
- Sukari robo tatu ya kikombe
- Kastadi vijiko 3 vya chakula
- Iliki punje 5 zilizotwangwa, au mdalasini kidogo
- Mkate wa slesi 1, laini, wa siku hiyohiyo
- Mafuta ya kupikia ya kutosha kuzamisha donge

Viungo havitusumbui. Mdalasini wa Matombo na Mkuyuni, huku kwenye miteremko ya Uluguru, unashuka mjini kila siku. Wenye ndizi mbivu waponde 2 na kuzichanganya, aiskrimu itakuwa laini zaidi.

KUTENGENEZA AISKRIMU

1. Chemsha maziwa mpaka yachemke sawasawa, hata kama muuzaji amekuhakikishia ni safi. Maziwa mabichi yanaweza kubeba vijidudu vya kifua kikuu na vya homa ya bruselosi, na baridi ya friza haiviui. Hili ni la lazima.

2. Koroga kastadi na maziwa ya unga kwa maziwa kidogo yaliyopoa, kisha mimina kwenye sufuria huku unakoroga. Tia sukari na iliki. Yakiwa mazito kama uji mwepesi, epua.

3. Usizidishe sukari. Sukari huzuia maji yasigande upesi, na aiskrimu yenye sukari nyingi haikazi hata ikilala kwenye friza. Aiskrimu isiyokaza haikaangiki.

4. Ikipoa, tia kwenye chombo chenye mfuniko, ingiza kwenye friza. Baada ya saa mbili au tatu, kingo zikianza kuganda, itoe uipige kwa uma au kwa blenda, uirudishe. Rudia mara mbili. Kupiga huku kunavunja chembe kubwa za barafu na kuingiza hewa.

5. Iache ilale usiku mzima.

KUFUNGA MADONGE

Asubuhi, chota madonge 8 yenye ukubwa wa yai la kuku. Yapange kwenye sinia, yarudishe kwenye friza kwa saa mbili. Itakayobaki waachieni wadogo zenu.

Kata kingo ngumu za slesi, kisha zisukume kwa mti wa kusukumia chapati ziwe nyembamba kidogo. Weka donge katikati ya slesi mbili, kusanya kingo, uzibane kwa vidole mpaka zishikane pande zote. Tundu dogo tu linatosha kuharibu kila kitu, kwani aiskrimu itavujia kwenye mafuta. Usilowanishe mkate kwa maji ili ushike, maji yataganda na baadaye yatarusha mafuta. Fanya haraka, donge moja moja, mengine yakiwa ndani ya friza. Kila linalokamilika lifunge kwenye nailoni safi au karatasi ya foili, lirudi ndani. Yalale tena usiku wa pili.

Mtaona kwamba kazi hii inachukua siku mbili, na kukaanga ni sekunde 20. Hivyo ndivyo ilivyo. Anayetaka kuila siku ya Idd aanze siku mbili kabla.

KUKAANGA

Kazi hii ni ya mtu mzima. Mwanafunzi mdogo ahesabu sekunde akiwa mbali.

1. Mafuta yasizidi nusu ya karai.
2. Pasha mafuta, kisha tupia kipande kidogo cha mkate. Kikigeuka rangi ya dhahabu kwa sekunde 20 hivi, mafuta yako tayari. Yakianza kutoa moshi yamezidi, punguza moto.
3. Toa donge moja tu kwenye friza. Livue nailoni, pangusa barafu yoyote iliyoganda juu yake kwa kitambaa kikavu.
4. Literemshe taratibu kwa kijiko cha matundu. Usilirushe.
5. Hesabu mpaka 15, ukiligeuza mara moja. Likipata rangi litoe, lisizidi 20. Liweke juu ya karatasi linyonywe mafuta, lipelekwe kwa mlaji hapo hapo.

Mafuta yakipoa yachujeni myatunze. Kuyamwaga baada ya madonge 8 ni israfu.

TAHADHARI

Ndugu wasomaji, sehemu hii msiiruke. Maji yakigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600. Tone la barafu likizama kwenye mafuta ya moto hugeuka mvuke ghafla na kuyarusha mafuta nje. Hiyo ndiyo hatari ya pishi hili, na ndiyo sababu tumesisitiza ukavu wa donge.

- Jiko la mkaa linalokaa chini ni hatari zaidi, kwa sababu mtoto anaweza kulikumba na moto wake hauzimiki kwa kugeuza kitufe. Tumieni jiko lililo juu ya meza imara, watoto wakiwa nje ya jiko.
- Mafuta yakishika moto usimwage maji hata kidogo. Zima jiko, funika karai kwa mfuniko, na usilibebe kwenda nje.
- Mtu akiungua, mwagieni maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Msimpake dawa ya mswaki, yai wala asali, na msimwekee barafu. Kisha apelekwe hospitali, hasa akiwa mtoto.
- Umeme ukikatika, msifungue friza. Iliyojaa huhifadhi baridi kwa takriban siku mbili, yenye vitu nusu takriban siku moja. Aiskrimu iliyokwisha kuyeyuka ikakaa kwenye joto isigandishwe upya, bali itupwe.

WASIO NA FRIZA

Si kila nyumba ina friza. Nunueni barafu, ipondeni, changanyeni mafungu 3 ya barafu na fungu 1 la chumvi ndani ya ndoo, kisha zungusheni humo sufuria ndogo yenye maziwa yaliyopoa. Chumvi inaishusha barafu chini ya sifuri, hata kukaribia nyuzi 20 chini, na maziwa yataganda. Elimu ya kutafuta baridi kwa chumvi ni ya zamani. Ibn Abi Usaybi'a, tabibu wa Sham aliyefariki mwaka 1270, ameitaja katika kitabu chake cha habari za matabibu njia ya kugandisha maji kwa shura. Aiskrimu ya ndoo haikazi kiasi cha kukaangwa, lakini ni tamu vilevile. Na mwenye friza akimpa jirani nafasi ya sinia moja, hatapungukiwa.

UHALALI WAKE

Anayenunua aiskrimu ya dukani asome maandishi ya pakiti. Baadhi huwa na jelatini, ambayo inaweza kutoka kwa nguruwe, na baadhi ya vanila za maji hutengenezwa kwa pombe. Hii ya nyumbani, yenye maziwa, kastadi na iliki, inajulikana kila kilichomo.

ZOEZI KWA WANAFUNZI

Kabla ya aiskrimu, jaribuni swali la Mpemba. Chukueni vikombe viwili vya plastiki vilivyo sawa. Kimoja tieni maji ya bombani, kingine maji ya uvuguvugu, kwa kipimo kimoja. Wekeni ndani ya friza sehemu moja, angalieni kila baada ya dakika 15, andikeni mnachokiona. Rudieni mara tatu. Jibu mtakalopata, liwe la Mpemba au la mwalimu wake, liandikeni kama lilivyo mlilete darasani.