Tenda za asilimia 30: faida inaliwa na siku za kungoja

MFANYABIASHARA mdogo wa Kenya anayetaka kuiuzia serikali bidhaa zake hawezi tena kusema mlango umefungwa. Tangu Oktoba 16, 2013, Rais Uhuru Kenyatta alipozindua mpango unaojulikana kwa herufi zake nne, AGPO, angalau asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Kanuni za mwaka 2011 zilikuwa zimewatengea asilimia 10 tu. Sheria ya ununuzi wa umma ya mwaka 2015 ikaipigilia msumari hiyo 30, nayo inazibana serikali za kaunti zote 47 sawasawa na wizara zilizoko Nairobi.

Swali linaloulizwa sasa madukani ni jingine: mtu akishaipata tenda yenyewe, je, atabaki na kitu mfukoni?

Masharti ya kuingia si magumu. Kampuni, ubia au biashara ya mtu mmoja iliyosajiliwa inakubalika. Angalau asilimia 70 ya umiliki iwe ya kundi husika, na uongozi wote uwe mikononi mwao. Kijana ni mwenye miaka 18 hadi 35. Cheti hutolewa na Hazina ya Taifa bila malipo, na yeyote anayedai "ada ya kuharakisha" anajitafutia chake. Zaidi ya hapo, sheria imewaondolea watu wa makundi haya mzigo wa dhamana ya zabuni, ile ambayo wafanyabiashara wengine huiendea benki na kuilipia. Wao hujaza fomu ya tamko na kuweka sahihi, basi. Vilevile ofisi inayonunua inaruhusiwa kuikata tenda kubwa vipande vipande ili wadogo waiweze.

Kwa hiyo kuingia ni rahisi. Taabu iko mwishoni, kwenye malipo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Mama mmoja mwenye karakana anapata LPO ya kutengeneza madawati ya Sh. 1,200,000. Mbao, mafundi, vanishi na lori la kufikisha mzigo vinamgharimu Sh. 1,000,000. Kwenye karatasi faida ni Sh. 200,000, na wengi huanza kuitumia hiyo faida siku ileile LPO inapotoka. Lakini milioni moja yenyewe hana. Anakopa kwa riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi, yaani Sh. 15,000 kila mwezi. Akilipwa baada ya miezi miwili, riba imekula Sh. 30,000 na amebakiwa na Sh. 170,000. Hiyo ni biashara nzuri. Akilipwa baada ya miezi sita, amebakiwa na Sh. 110,000. Ukitimia mwaka ni Sh. 20,000, ambazo nauli za kufuatilia malipo zinatosha kuzimaliza. Mwezi wa 14 ameshaingia hasara ya Sh. 10,000, na hapo madawati yamekaliwa na watoto zaidi ya mwaka mzima.

Aliyekopa kwa shailoki wa mtaani kwa asilimia 10 kwa mwezi hana haja ya hesabu ndefu. Miezi miwili tu, faida yote imekwisha. Mwezi wa tatu anaanza kula mtaji wa mwenzake.

Hata asiyekopa asijidanganye. Fedha yake mwenyewe ikilala serikalini haizai. Kama dukani milioni hiyo humpa Sh. 40,000 kwa mwezi kwa kuizungusha, basi miezi mitano tu dukani ingempa Sh. 200,000 zilezile bila kumbembeleza karani yeyote. Tenda inayolipwa baada ya miezi mitano, kwa mtu huyo, haina faida hata senti moja.

Kwamba malipo huchelewa si maneno ya vijiweni. Siku ya Madaraka, Juni 1, 2019, Rais Kenyatta alilazimika kuziamuru ofisi za serikali ziwalipe wafanyabiashara madeni yao. Mwaka 2023 serikali iliyomfuata, ya Rais William Ruto, iliunda kamati chini ya Edward Ouko, aliyekuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kuhakiki madai ya tangu Juni 2005 hadi Juni 2022. Hebu tulitazame hilo mara mbili: miaka 17 ya ankara. Miongoni mwa wadai wapo wakandarasi wakubwa wenye mawakili na benki nyuma yao. Hao wanaweza kungoja. Mwenye karakana hawezi.

Na hapa ndipo penye kasoro ya mpango mzima. Asilimia 30 inahesabiwa kwa tenda zilizotolewa, si kwa fedha zilizowafikia wenyewe. Ofisi inaweza kutimiza fungu lake vizuri mno kwa makaratasi huku ikiwa imewakopa vijana na akina mama bila riba.

Bila riba, ingawa sheria haikusema hivyo. Kifungu cha 140 cha sheria ya mwaka 2015 kinasema ofisi inayochelewesha malipo italipa riba, isipokuwa kama mkataba umesema vingine. Wenye tenda ndogo wanaoidai riba hiyo ni wachache. Wengine hawaijui, na wengine wanaijua lakini wanaogopa kwamba anayedai leo hataitwa kesho. Woga huo unaeleweka. Hata hivyo, kabla ya kutia sahihi, ni vizuri mtu asome kama mkataba aliopewa umekifuta kifungu hicho kimyakimya.

Marekani, ambako mipango ya namna hii ina umri mkubwa zaidi, tatizo hili lililiona Bunge lao mapema. Mpango wao uitwao 8(a), ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1960 na kuwekewa msingi wa sheria mwaka 1978, huilea kampuni ndogo ya watu walionyimwa nafasi kwa miaka tisa, kisha huitoa ikajitegemee. Lakini kilichowasaidia wadogo kwa jumla ni sheria ya mwaka 1982 inayoilazimu serikali kuu kulipa riba ankara ikipita muda wake, ambao kwa kawaida ni siku 30. Riba hiyo hutolewa bila ya mdai kuiombea. Mafungu nayo huko hupanda na kushuka pamoja na siasa. Serikali ya Joe Biden ilitangaza mwaka 2021 kwamba itafikisha asilimia 15 kwa kampuni hizo, na mwaka 2025 serikali ya Donald Trump ikalirudisha lengo kwenye asilimia 5 iliyomo katika sheria. Sheria ya riba haikuguswa.

Kwa mfanyabiashara wa Kenya ambaye hawezi kungoja sheria mpya, zipo njia chache za kujikinga. Ya kwanza ni kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na kuisha Juni 30. Mzigo unaofikishwa Oktoba una muda wa kulipwa ndani ya bajeti yake, lakini mzigo wa mwisho wa Mei au Juni hujikuta umevuka mwaka ukiwa deni, na deni la mwaka jana halina mwenyewe. LPO zinazotoka kwa haraka mwezi wa Juni zitazamwe kwa jicho la pili.

Ya pili ni kuuliza kama fedha ipo. Sheria inamkataza mkuu wa ofisi kuanza ununuzi kabla ya kuhakikisha kwamba fedha imetengwa kwenye bajeti iliyopitishwa, kwa hiyo anayeuliza hamvunjii mtu heshima.

Ya tatu ndiyo yenye nguvu zaidi na ndiyo isiyotumiwa sana. Kanuni zinaitaka ofisi inayonunua iithibitishe LPO ya mfanyabiashara mdogo na ikubali kulipa kupitia akaunti iliyofunguliwa kwa mkopeshaji. Mfuko wa vijana na mfuko wa wanawake hukopesha kwa LPO, na baadhi ya benki pia. Faida yake si riba nafuu pekee. Mkopeshaji akishaingia katikati, anayedai si tena mama wa karakana peke yake.

Kuna wanaochagua njia ya mkato, nayo ni kumkodishia cheti tajiri mwenye mtaji na kupewa "ya chai". Ni kosa la kisheria. Kibiashara pia ni ujinga, kwa sababu mzigo ukikataliwa anayefungiwa asishiriki zabuni ni mwenye jina, na mtozaji kodi naye humfuata mwenye jina.

Tanzania nayo iko katika safari hiyohiyo. Asilimia 30 kwa wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu iliingia kwa marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 na kubakizwa katika sheria mpya ya mwaka 2023, na zabuni sasa hupitia mfumo wa kompyuta uitwao NeST. Mtaji wa vikundi unaweza kutoka katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, inayogawanywa nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa wenye ulemavu, tena bila riba. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejea mwaka 2024. Kikundi kilichopata zabuni kwa mkopo usio na riba kina nafuu ambayo mwenye karakana wa Kenya hana, ila marejesho yana tarehe zake, na tarehe hizo haziulizi kama halmashauri imeshalipa madawati.