Michirizi kwenye jani la nyanya: ni inzi au kantangaze?

Mkulima wa nyanya akiona michirizi myeupe iliyojipindapinda kwenye majani, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye bomba la dawa. Namwomba kwanza achume jani moja alitazame kwenye jua. Kwenye mwanga huo handaki huonekana wazi: huanza jembamba kama uzi, likapanuka kadiri funza anavyokua, na ndani yake mna mstari mweusi wa kinyesi uliokatikakatika, mara upande huu, mara upande ule. Pale palipo papana zaidi ndipo alipo mwenyewe, wa manjano, hana miguu wala kichwa kinachoonekana. Huyo ni mtoto wa inzi mchimba majani, jenasi Liriomyza.

Ukikuta mdudu mwenye miguu na kichwa cheusi au cha kahawia, na jani lina mabaka mapana badala ya michirizi, huyo ni kiwavi wa nondo, kantangaze (Tuta absoluta), anayeingia mpaka kwenye tunda. Inzi wetu hali tunda.

Spishi tatu za Liriomyza zinatusumbua Afrika Mashariki, zote asili yake Amerika. L. trifolii aliingia Kenya katikati ya miaka ya 1970 pamoja na vipandikizi vya maua ya krisanthemamu kutoka Florida. Wengine ni L. sativae na L. huidobrensis. Huyu wa mwisho ndiye anayetawala nyanda za juu zenye baridi, kwenye njegere, mishiri na viazi. Wenzake hupenda joto.

Kuwatofautisha kunataka lenzi, maana inzi hawa wana urefu wa milimita mbili hivi, na wote wana doa la manjano mwishoni mwa mgongo. Mgongo wa trifolii ni wa kijivu usiong'aa, wa sativae ni mweusi unaong'aa. Huidobrensis ni mkubwa kidogo, na mapaja yake yana weusi. Alama ninayoiamini zaidi iko kichwani, nyuma ya jicho, penye singa mbili ndefu. Kwa trifolii zote mbili zimeota penye manjano. Kwa huidobrensis, zote penye weusi. Kwa sativae, ya nje imeota penye weusi na ya ndani mpakani. Shambani, handaki la huidobrensis mara nyingi hufuata mishipa ya jani na huonekana upande wa chini. Uthibitisho wa mwisho ni viungo vya uzazi vya dume chini ya hadubini, au kipimo cha DNA.

Tazama pia kama funza yu hai. Nyigu mdogo Diglyphus isaea humpoozesha funza ndani ya handaki na kutaga yai kando yake. Kituo cha utafiti cha ICIPE, Nairobi, kilileta nyigu mwingine kutoka Peru, Phaedrotoma scabriventris, kwa kazi hiyo hiyo. Dawa kali zinazoua kila mdudu huwamaliza nyigu hawa, huku inzi akiwa amejikinga ndani ya jani na mara nyingi ameshazizoea.

Basi weka majani machache yenye funza ndani ya chupa, ufunike kwa kitambaa chepesi. Baada ya wiki mbili tatu watatoka inzi au nyigu. Mpelekee afisa ugani chupa hiyo kabla hujanunua dawa.