Mintarafu ya Kijiko cha Kwanza cha Mtoto

Katika jiji la Kampala mama aliyejifungua mtoto wake wa kwanza hakosi washauri. Nyanya, ambaye Waganda humwita jjajja, akimwona mtoto anafuata kwa macho tonge linalopanda kinywani mwa mtu mzima, husema kwamba huyu ana njaa, apewe uji. Ssenga, yaani shangazi, ambaye kwa mila za Buganda ndiye mwenye mamlaka ya kumfunza binti mambo ya ndoa na ulezi, huongeza kwamba wanawe yeye walilishwa matoke ya kupondwa kabla hawajaota jino, nao wote ni wazima. Muuguzi wa kliniki huagiza kwamba mtoto asionje kitu, hata maji, mpaka atimize miezi sita. Na mwajiri, ambaye hasemi lolote juu ya maziwa wala uji, huwa amekwisha kukata shauri zamani, kwa maana siku ya mama kurudi kazini imewekwa bila ya mtoto kuulizwa ana miezi mingapi. Katika sauti hizo nne, ya mwisho ndiyo isikikayo kidogo kuliko zote, na aghalabu ndiyo itiiwayo.

Nyanya asidharauliwe upesi. Mwaka 1979 mkutano wa Shirika la Afya Duniani na UNICEF uliofanyika Geneva ulikubali kwamba mtoto aanze chakula kati ya mwezi wa nne na wa sita, na tamko lililotolewa Florence, Italia, mwaka 1990 lilifuata njia hiyo hiyo; ni mwaka 2001 ndipo Baraza Kuu la Afya Duniani lilipopitisha azimio la kuwanyonyesha watoto maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita kamili. Kwa hiyo bibi wa Kawempe aliyelea wanawe katika miaka ya 1980, na ambaye leo anashikilia mwezi wa nne, huenda hatetei ujinga wa kale hata kidogo. Anakariri somo alilopewa na waganga wa hospitali wa zama zake, nao walimfunza kwa yakini ile ile wanayofunzia wa leo.

Sababu za kusogeza mpaka huo mbele ni nzito. Maziwa ya mama yana maji na chakula cha kumtosha mtoto kwa nusu ya kwanza ya mwaka, tena hutoka kifuani yakiwa safi, ilhali uji upikwao Bwaise au Katwe, katika mabonde ambayo mvua ikinyesha maji ya mitaro hubisha hodi nyumbani, hupita katika sufuria, kikombe, kijiko na mkono, na kila kimoja katika hivyo chaweza kumtia mtoto maradhi ya kuhara. Matabibu wa watoto wa Ulaya, ambako bomba hutoa maji ya kunywa, huruhusu vyakula vya kwanza baada ya mwezi wa nne kwisha, nao hawana kosa kwa watu wao. Lakini mama wa Kampala anayesoma shauri hilo katika simu yake na akumbuke kwamba aliyeliandika hakuwa akifikiria mtungi wa maji yaliyochotwa chemchemini. Upande wa pili wa mpaka huo wazazi wengi hawaambiwi. Mtoto huzaliwa na akiba ya madini ya chuma iliyowekwa zaidi katika ini lake alipokuwa tumboni, na akiba hiyo hukaribia kwisha atimizapo miezi sita, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana chuma kidogo mno kuweza kuirudisha. Mama ajisifuye kwamba mwanawe wa miezi tisa hajaonja kitu ila ziwa, naye amepotoka, ijapokuwa kwa njia nyingine, kama yule aliyetia uji kinywani mwa mtoto wa miezi miwili.

Mwili wa mtoto nao hutoa ushahidi wake kwa wenye subira ya kuusoma. Shingo huwa imekaza, mtoto huketi akiegemezwa kidogo tu, mkono huenda kwenye chakula na kukileta kinywani, na ulimi, ambao hapo kabla ulikuwa ukisukuma nje kila kilichowekwa juu yake, huanza kukipokea na kukirudisha nyuma. Kunyonya ngumi, kulia usiku na kutazama sahani za watu si dalili za kutegemewa, kwa kuwa mtoto wa miezi mitatu hufanya hayo yote akiwa ameshiba. Mzani wa kliniki ni shahidi bora kuliko kilio.

Hayo ndiyo mashauri ya kalenda, na hayana ubishi mkubwa. Lakini historia ya jiji hili, kwa yeyote aliyeipitia kwa makini, inaonyesha kwamba watoto wengi waliopotea hapa katika karne iliyopita hawakupotezwa na siku ya kijiko cha kwanza. Walipotezwa na kilichokuwamo ndani ya kijiko, pamoja na dhana kwamba chakula kikiingia ziwa hutoka.

Katika hospitali ya Mulago, kuanzia miaka ya 1930, tabibu Hugh Trowell aliwaona watoto waliovimba miguu na uso, nywele zimegeuka rangi, ngozi inabanduka, nao wamekuwa wanyonge hata hawataki kutazamwa. Ulikuwa ni ule ugonjwa ambao tabibu Cicely Williams alikuwa ameueleza mwaka 1933 kutoka Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, na ambao miaka miwili baadaye aliutangaza kwa jina la watu wa huko, kwashiorkor. Waswahili twauita unyafuzi. Trowell, pamoja na J. N. P. Davies na R. F. A. Dean, walitoa mwaka 1954 kitabu kizima juu yake, kilichotokana kwa sehemu kubwa na wodi za Mulago, na Dean akaongoza hapo hapo kituo cha Waingereza cha kuchunguza utapiamlo wa watoto. Hata leo wataalamu hawajakubaliana juu ya kila chanzo cha maradhi hayo, ila mahali yalipoanzia palikuwa bayana: katika mwaka wa pili wa mtoto, au mwisho wa ule wa kwanza, pale ziwa lilipokatwa na sahani ikabaki na matoke peke yake, chakula kitamu, laini, chenye kujaza tumbo, lakini ambacho sehemu yake kubwa ni maji na wanga.

Kwa nini ziwa likatwe? Waganda walikuwa na maradhi waliyoyaita obwosi, yaliyosemekana humpata mtoto anyonyaye wakati mama amekwisha kushika mimba nyingine, kwa kuwa maziwa huharibiwa na yule aliye tumboni. Watu wa pwani wasiwacheke, maana nasi tunayo itikadi ya kumbemenda mtoto, iliyo jirani sana na hiyo. Basi mama akijiona mjamzito humlikiza mtoto kwa siku moja, na desturi ya zamani ilikuwa kumpeleka kwa nyanya au kwa jamaa mwingine ili alisahau ziwa. Hivyo mtoto hukosa maziwa na mama kwa pamoja, akapewa badala yake matoke na mchuzi. Waliokuwa wakiamini obwosi hawakukosea kuona, kwa kuwa mtoto huyo kweli alidhoofika; walikosea kulaumu maziwa.

Desturi hiyo ndiyo iliyomvuta Mary Ainsworth, mwanasaikolojia aliyefika Kampala mwaka 1954 na kuungana na chuo cha uchunguzi wa jamii kilichokuwa Makerere, akitaka kuona mtoto atendwavyo na kulikizwa. Alizizuru familia 26 za vijiji vya karibu na mji, wiki mbili kwa wiki mbili, kwa miezi mingi, akakuta kwamba mila ya kuwapeleka watoto mbali ilikuwa imeanza kufifia, akageuza macho yake kwenye jambo kubwa zaidi, nalo ni jinsi kitoto kinavyojenga mapenzi na mama yake. Kitabu chake cha mwaka 1967 juu ya watoto wa Uganda ni miongoni mwa misingi ya elimu inayosomeshwa leo katika vyuo vikuu vingi vya dunia, na sidhani kama wengi katika wanaosoma wanajua kwamba ilianzia kwenye mikeka ya mama wa Kiganda.

Huko Mulago kwenyewe dawa ya unyafuzi ilileta msiba wake. Watoto waliponywa kwa maziwa ya unga, na mama aliyeona mwanawe anafufuka kwa maziwa meupe ya hospitali alikuwa na haki ya kuamini kwamba unga ule ndio dawa, akaenda dukani kununua kopo na chupa, akauchanganya kwa maji mengi ili udumu mpaka mwisho wa mwezi, akaliacha ziwa lake mwenyewe likauke. Derrick Jelliffe, aliyekuwa profesa wa maradhi ya watoto Makerere tangu mwaka 1959 hadi 1966, aliyaona hayo kwa macho yake, na baada ya kuondoka akawa miongoni mwa watu waliopaza sauti duniani juu ya makampuni ya maziwa ya kopo, mpaka mwaka 1981 Baraza Kuu la Afya likapitisha kanuni ya kuzuia matangazo yao kwa kura 118 dhidi ya moja, nayo ilikuwa ya Marekani.

Jibu la Kampala lenyewe lilikuwa la kistaarabu zaidi kuliko kura. Katikati ya miaka ya 1960 kilianzishwa hapo Mulago kituo kiitwacho Mwanamugimu, ambako mama aliye na mtoto mgonjwa hakukabidhi mtoto kwa wauguzi akangoja nje, bali alipika mwenyewe vyakula vya sokoni kwake, akamlisha mwanawe, akamwona kwa macho yake anapona siku baada ya siku pasipo sindano. Somo lilikuwa kitobero, yaani mchanganyiko: matoke, viazi au posho, pamoja na maharage au karanga zilizosagwa, na mukene, dagaa wa ziwa Nyanza, au nyama kidogo, au yai, na mboga kama dodo, yaani mchicha. Huondolewa sehemu ya mtoto kabla ya pilipili, hufungwa katika kijifurushi cha jani la mgomba, ettu, ikapikwa kwa mvuke juu ya chakula cha nyumba nzima, bila ya kuwasha moto wa pili. Mimi sijaona uvumbuzi wa lishe unaoshinda huo kwa urahisi, wala hauhitaji kiwanda.

Maradhi ya ukimwi yalipokuja, shauri lilichanganyika upya. Mwaka 1999 uchunguzi uliofanywa Mulago ulionyesha kwamba nevirapine, kidonge kimoja kwa mama na dozi moja kwa mtoto, hupunguza maambukizo kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, na mwaka huo huo habari kutoka Durban zikaonyesha kwamba kuchanganya ziwa na vyakula vingine katika miezi ya mwanzo kuna hatari zaidi kuliko ziwa peke yake. Baadhi ya mama waliambiwa walikize mapema, na watoto wao wakaingia katika hatari nyingine ya kuhara na utapiamlo. Leo mama atumiaye dawa zake bila ya kukosa hunyonyesha kama wenzake na kumwanzisha mtoto chakula mwezi ule ule wa sita.

Sasa tutazame tulipofika. Takwimu za afya za taifa za mwaka 2016 zilikuta kwamba asilimia 66 ya watoto wa Uganda walio chini ya miezi sita walinyonya maziwa ya mama peke yake, kiwango ambacho nchi nyingi tajiri hazikifikii. Lakini takwimu hizo hizo zilikuta asilimia 29 ya walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na katika Tooro, nchi ya rutuba na migomba, walikuwa kama wanne katika kila kumi. Mpaka wa miezi sita tumeushika vizuri kuliko yanayoufuata. Mtoto wa miezi sita hadi minane hutaka kulishwa mara mbili au tatu kwa siku juu ya ziwa, na mkubwa wa hapo mara tatu au nne, tena uji usiwe maji, kwa sababu tumbo lake ni dogo na uji unaomwagika kijikoni wenyewe humjaza asishibe. Karanga zichaguliwe, zenye ukungu zitupwe kwa ajili ya sumukuvu. Asali ingoje mpaka mwaka utimie. Na ziwa liendelee mpaka mwaka wa pili na kupita. Waislamu wa Kibuli wanakumbuka kwamba Kurani, katika sura ya Al-Baqara, imetaja miaka miwili kamili kwa atakaye kutimiza, na ikawaachia baba na mama kulikiza kabla ya hapo kwa kuridhiana na kushauriana. Na hilo la baba kushauriwa lingefaa lisomwe zaidi.

Limebaki la mwajiri. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mama siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, ambazo kwa anayefanya kazi siku tano ni majuma kumi na mawili. Kenya hutoa miezi mitatu, na Tanzania siku 84. Mchuuzi wa soko la Owino au la Kalerwe hana hata hizo, ila yeye aweza kumweka mtoto chini ya meza yake na kumnyonyesha, jambo ambalo karani wa benki hawezi. Maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi hukaa salama kwa saa nne hivi penye kivuli, na zaidi katika jokofu, na mtoto huyanywa kwa kikombe. Lakini atayakamulia wapi, ikiwa kazini kwake pana chumba cha kuswalia, chumba cha mikutano na chumba cha mlinzi, na kwake yeye pana choo tu? Uji wa mwezi wa tatu unaolaumiwa kliniki umepikwa na hesabu hiyo, si na ukaidi wa mama. Wizara ya Afya inadai miezi sita, nayo sheria ya kazi inatoa karibu mitatu. Bunge ndilo lenye uwezo wa kuzipatanisha, na waajiri wanaotaka kutangulia hawahitaji kulingoja ili watoe chumba kimoja chenye kiti, mlango wa kufungwa na jokofu dogo.